Kinga, Kingamwili na Mwitikio: Istilahi Tatu Katika Kazi ya Mtafiti wa Malaria

Utangulizi

Istilahi za sayansi haziundwi ili zipambe kurasa za kamusi. Huundwa ili mtu aliyegundua jambo na mtu ambaye jambo hilo linamhusu waweze kuelewana. Pale ambapo neno moja limebebeshwa mizigo minne, maelewano hayo hukatika, na katika mambo ya afya hasara yake yaweza kuwa kubwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu wapatao 597,000 walikufa kwa malaria duniani. Wengi wao walikuwa Waafrika, na miongoni mwa Waafrika hao waliokufa, takribani watatu katika kila wanne walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Neno ambalo kila mtu hulitumia anapozungumzia namna ya kuwaokoa watoto hao ni "kinga". Makala haya yanakusudia kulichunguza neno hilo pamoja na wenzake wawili, "kingamwili" na "mwitikio", kwa kufuata kazi ya mtafiti mmoja wa Afrika Mashariki ambaye maisha yake yote ya kisayansi yamekuwa ni kutafuta maana halisi ya kinga dhidi ya malaria.

Mtafiti mwenyewe ni Profesa Faith Osier wa Kenya. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya utafiti wake ilifanyika Kilifi, katika mwambao ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya hospitali. Pili, maswali aliyoyauliza maabara ni yale yale ambayo mtu wa istilahi hana budi kujiuliza mezani: Tunaposema mtu ana kinga, ana nini hasa? Na kinga hiyo inazuia kitu gani?

Neno "kinga" na asili yake

Kitenzi "kukinga" ni cha kale katika lugha yetu, nacho kina sura mbili. Mtu hukinga pigo kwa mkono au ngao, yaani hulizuia lisimfikie. Vile vile mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo, yaani hutega chombo ili kipokee kinachoshuka. Tiba ya kisasa ilipohitaji neno ililichukua lile la kwanza, na methali isemayo kinga ni bora kuliko tiba ikalisaidia kuenea. Katika miaka ya 1980, ugonjwa mpya ulipoingia nchini, jina UKIMWI lilifasiriwa kuwa Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa jina hilo, hata mtu asiyewahi kusoma elimu ya viumbe alizoea wazo kwamba ndani ya mwili mna kitu kiitwacho kinga, na kwamba kitu hicho chaweza kupungua. Huu ulikuwa ushindi mkubwa wa istilahi ya Kiswahili.

Lakini ushindi huo uliacha deni. Neno liliingia mwilini bila kutoka nje. Chandarua kiliendelea kuitwa kinga, chanjo ikaitwa kinga, kondomu ikaitwa kinga, na nguvu ya mwili ya kupambana na maradhi nayo ikabaki kuitwa kinga.

Mwandishi wa makala haya alipata nafasi ya kuyasikiliza matumizi hayo katika kata ya Lizaboni, mjini Songea, kwa mazungumzo ya kawaida na majirani. Lizaboni panafaa kwa kazi ya namna hiyo, kwani watu wa Kingoni, Kimatengo, Kindendeule na lugha nyinginezo hukutana hapo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mama mmoja alipoulizwa kinga ya malaria ni nini, alijibu bila kusita, "Kinga ni chandarua, dada." Jirani yake akamdakia, "Na sindano ya mtoto je? Si ndiyo kinga yenyewe?" Mzee aliyekuwa akisikiliza kwa upole akaongeza neno lake: "Mwanangu, mimi malaria hainipati tena. Nimeumwa nayo tangu utotoni hata mwili umeizoea. Chandarua nimewaachia wajukuu."

Wote watatu walisema kweli kwa kadiri ya lugha waliyopewa. Hata hivyo walikuwa wakizungumzia vitu vitatu mbalimbali kwa jina moja. Na kauli ya mzee, japokuwa ina hekima ya miaka mingi, ina shimo ndani yake. Shimo hilo ndilo linalotupeleka Kilifi.

Lakini kabla ya kwenda huko, yafaa kukumbuka jambo moja la Songea yenyewe. Katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, wapiganaji walikunywa na kunyunyiziwa maji ya dawa yaliyotarajiwa kuzigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wengi wa Kingoni walinyongwa mjini hapo, na kila mwaka kumbukumbu yao hufanywa kwa heshima. Hatulitaji jambo hili kwa kuwadharau mashujaa hao, waliokabili bunduki kwa ajili ya uhuru wao. Tunalitaja kwa sababu katika mji huu neno lolote la kujilinda lina uzito wa pekee. Husikika kama ahadi, na ahadi huchukuliwa kuwa ni kamili. Basi anayelitumia neno "kinga" ana wajibu wa kueleza ni kinga ya kiasi gani, na dhidi ya nini.

Safari ya mtafiti

Profesa Osier alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye alihudumu Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilikuwa imefungua kituo cha utafiti kwa ushirikiano na Wellcome Trust ya Uingereza mwaka 1989. Katika wodi za watoto za pwani, malaria kali haikuwa habari ya vitabuni. Watoto waliletwa wakiwa wamepoteza fahamu au wamepungukiwa damu, wengine wakapona na wengine wasipone.

Lililomsumbua daktari huyo kijana ni lile ambalo kila mwanakijiji hulijua: mtoto hufa, lakini mama yake, anayeumwa na mbu wale wale katika nyumba ile ile, haugui. Alisomea tiba ya watoto nchini Uingereza, akapata shahada ya uzamili ya elimu ya kinga ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Liverpool, kisha akafanya utafiti wa shahada ya uzamivu akiwa Kilifi. Aliendelea na mafunzo ya utafiti katika Taasisi ya Burnet, mjini Melbourne, Australia. Mwaka 2014 alitunukiwa Tuzo ya Royal Society Pfizer. Mwaka 2016 alipata Tuzo ya Sofja Kovalevskaja ya Ujerumani, iliyomwezesha kuunda kikundi cha utafiti Heidelberg bila kukata uhusiano wake na Kilifi. Kuanzia mwaka 2019 hadi 2022 alikuwa Rais wa Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Elimu ya Kinga, na baadaye alijiunga na Imperial College mjini London.

Swali lake halikuwa geni. Tangu mwaka 1900 Robert Koch alikwisha kuona huko New Guinea kwamba katika sehemu zenye malaria nyingi watoto hujaa vimelea, ilhali watu wazima huwa navyo vichache. Mwaka 1961 Cohen, McGregor na Carrington walitoa katika damu ya watu wazima wa Gambia ile sehemu yenye kingamwili, wakawapa watoto waliougua malaria. Vimelea vikapungua sana. Mwaka 1963 McGregor na Carrington walieleza kwamba kingamwili za watu wa Afrika Magharibi ziliwasaidia hata watoto wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo ilijulikana kwamba katika damu ya mtu mzima mna kitu kinachopigana. Lililobaki ni kujua, kati ya kingamwili nyingi zilizomo, ni zipi zinazopigana na zipi ni mashahidi tu wa vita vilivyopita.

Kimelea, antijeni na mwitikio

Hapa hatuna budi kueleza mambo yanavyokwenda ndani ya mwili, maana istilahi isiyofuata mwendo wa jambo lenyewe ni ganda tupu.

Kimelea ni kiumbe kinachoishi juu au ndani ya kiumbe kingine na kujilisha kwa jasho la mwenziwe. Neno limetokana na "kumea", nalo lina faida ya kujieleza lenyewe: kitu kilichomea pasipokuwa pake. Katika siasa ya Ujamaa tuliwaita wanyonyaji kupe, na kupe ni kimelea wa nje. Kimelea cha malaria ni cha ndani, tena kina hila zaidi. Aina yake iliyo kali kuliko zote, Plasmodium falciparum, huingia mwilini kwa kuumwa na mbu jike wa anofelesi ikiwa katika umbo liitwalo sporozoiti. Sporozoiti hukimbilia ini. Humo hukaa kwa muda wa kama wiki moja, na moja tu yaweza kuzaa maelfu ya vijimelea vya umbo la pili, yaani merozoiti. Merozoiti hutoka katika ini na kuvamia chembe nyekundu za damu. Kila baada ya saa 48 hivi chembe hizo hupasuka na kumwaga merozoiti mpya, ambazo huvamia chembe nyingine. Ni kupasuka huko kunakoleta homa na kutetemeka.

Juu ya kila merozoiti zipo protini nyingi, nazo mwili huzitambua kuwa ni ngeni. Kitu kigeni kinachouamsha mwili namna hiyo huitwa antijeni. Mwili ukiisha kuamshwa, baadhi ya chembe nyeupe hutengeneza protini zenye umbo la kuinasa antijeni ile ile na si nyingine. Protini hizo ndizo kingamwili. Nyingine huziba mlango ambao merozoiti ingepitia kuingia katika chembe nyekundu. Nyingine huigandia tu, kisha zikaziita chembe nyeupe zije zimeze. Matendo yote haya, kuanzia kutambua hadi kumeza, kwa jumla huitwa mwitikio wa kinga.

Wako wanaopendelea kusema "jibu la kinga". Tunaona "mwitikio" ndilo neno bora. Jibu hutolewa mara moja na jambo likaisha. Bali anayeitika huitika kila anapoitwa, na waitikiaji wa wimbo huwa wengi, hupokezana, na kadiri wimbo unavyorudiwa ndivyo wanavyoujua zaidi. Hivyo ndivyo mwili ufanyavyo: antijeni huita, kingamwili na chembe nyeupe huitika, na kila mara mwito unaporudi mwitikio huwa wa haraka zaidi. Kwa upande mwingine "mmenyuko" liachiwe wanakemia, ambao wamekwisha kulizoea kwa kazi yao.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Mwaka 2008 Profesa Osier na wenzake walitoa matokeo ya utafiti juu ya watoto wa Kilifi. Badala ya kupima kingamwili za aina moja, walipima zile zinazolenga antijeni kadhaa za merozoiti, kisha wakawatazama watoto kuona ni nani watakaougua. Waliona kwamba watoto wenye kingamwili za aina nyingi zaidi, tena kwa kiasi kikubwa, waliugua kwa nadra kuliko wenzao. Mwaka 2014 walipanua orodha ikafika antijeni 36, na wakaona kwamba mikusanyiko fulani ya kingamwili iliambatana na usalama mkubwa kuliko kingamwili yoyote peke yake. Baadaye waliunda kipande kidogo cha kioo chenye protini zaidi ya 100 za kimelea, ili tone dogo la damu liweze kupimwa dhidi ya zote kwa mara moja. Chombo hicho walikiita KILchip, kwa kuikumbuka Kilifi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na matokeo hayo yanakubaliana nao. Sababu yake ni hila ya kimelea. Protini zake nyingi hubadilika sura kutoka mahali hadi mahali, na ile anayoiweka juu ya chembe nyekundu aliyoivamia anaweza kuibadilisha mithili ya mtu anayebadili kanzu, kwani ana akiba ya jeni zipatazo 60 za kazi hiyo. Mwili unaojua kanzu moja hudanganyika. Unaojua nyingi hadanganyiki kwa urahisi. Ndiyo maana mtoto huhitaji miaka na maambukizo mengi kabla hajafikia usalama wa mtu mzima, na ndiyo maana wengi hufa kabla hawajafika.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba kuambatana si kusababisha. Mtoto mwenye kingamwili nyingi huenda ni yule aliyeumwa na mbu mara nyingi tu. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 2016 hadi 2018, watu wazima zaidi ya 100 nchini Kenya walijitolea kudungwa sporozoiti hai chini ya uangalizi wa madaktari, na hapana aliyeachwa bila tiba. Ingawa wote walidungwa kitu kile kile, hawakuwa sawa. Kwa wengine vimelea viliongezeka upesi. Kwa wengine vilionekana vichache na kudhibitiwa. Kwa wengine havikuonekana kabisa. Wote walikuwa watu wazima wa nchi yenye malaria, na kwa lugha ya mtaani pengine wote wangeambiwa "wana kinga".

Kinga mbili ndani ya neno moja

Hapo ndipo shimo la kauli ya yule mzee wa Lizaboni linapoonekana. Sayansi inatofautisha kinga dhidi ya ugonjwa na kinga dhidi ya vimelea. Ya kwanza humfanya mtu asiugue ingawa vimelea vimo. Ya pili huvizuia vimelea visikae kabisa. Mtu aliyekulia palipo na malaria aghalabu hupata ile ya kwanza, nayo si kamili. Ya pili ni nadra. Kwa hiyo mtu mzima aweza kulima kutwa nzima bila homa, huku damu yake ina vimelea ambavyo mbu aweza kuvinyonya na kumpelekea mjukuu aliyelala chumba cha pili. Mzee hakukosea aliposema malaria haimlazi. Ila neno "kinga", lilivyo sasa, limemwambia zaidi ya ukweli.

Tena usalama huo hupungua. Anayehamia nchi isiyo na malaria akakaa miaka, akirudi aweza kuugua sana. Na mwanamke mwenye mimba ya kwanza huingia hatarini, kwa kuwa katika kondo la nyuma kimelea huvaa protini ya pekee ambayo mwili wake haujawahi kuiona. Mambo haya hayaelezeki kwa sentensi isemayo tu kwamba "watu wazima wana kinga".

Hali ni hiyo hiyo kwa chanjo. Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwa miongoni mwa vituo. Kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, dozi nne zilipunguza vipindi vya kuugua malaria kwa kadiri ya asilimia 36 katika miaka minne. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, na chanjo ya R21 mwaka 2023. Zote mbili hulenga protini moja ya sporozoiti. Watafiti wa namna ya Profesa Osier wanatafuta chanjo itakayoongeza antijeni nyingi za merozoiti. Asilimia 36 ni maisha mengi yaliyookolewa. Lakini mama akiambiwa "mtoto amepata kinga", akavua chandarua kitandani, istilahi yetu itakuwa imempokonya kile ambacho sindano ilimpa.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza matumizi yafuatayo yafikiriwe na wataalamu, walimu na watangazaji.

Kinga ya mwili: hali au uwezo wa mwili wa kupambana na maradhi. Iandikwe kwa maneno matatu.

Kingamwili: protini inayotengenezwa na mwili ili kunasa antijeni maalumu. Iandikwe kwa neno moja, nayo iwe katika ngeli ya I-ZI: kingamwili hii, kingamwili hizi. Kwa kuwa sikio haliwezi kutofautisha sawasawa "kingamwili" na "kinga ya mwili" katika usemi wa haraka, mtangazaji aseme "protini za kingamwili" anapoitaja kwa mara ya kwanza.

Mwitikio wa kinga: mfululizo wa matendo ya mwili baada ya kuamshwa na antijeni.

Kinga dhidi ya ugonjwa na kinga dhidi ya vimelea: zitajwe kwa ukamilifu kila inapohusu malaria. Neno "kinga" lisiachwe peke yake.

Kujikinga: litumike kwa chandarua, dawa ya kufukuza mbu na mengineyo yafanywayo nje ya mwili. Ni kitenzi, nacho humkumbusha mtu kwamba kazi ni yake kila usiku.

Maneno "fingo", "zindiko" na "kago" yalipata kufikiriwa na baadhi ya wapenzi wa lugha, kwa kuwa ni ya asili na yana maana ya ulinzi. Hatuyapendekezi. Ni hazina ya lugha, lakini yanahusu ulinzi wa uganga, nayo yangerudisha ile ahadi kamili tunayojaribu kuiepuka.

Hitimisho

Istilahi hupimwa kwa sentensi ambayo mhudumu wa afya aweza kuitamka mbele ya watu ikaeleweka. Badala ya kusema "Watu wazima wana kinga ya malaria", na aseme hivi: "Mtu mzima aliyekulia hapa haugui malaria kwa urahisi, lakini vimelea vyaweza kuwamo katika damu yake, na mbu aweza kuvichukua na kuwapelekea watoto, kwa hiyo naye alale ndani ya chandarua." Sentensi hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Lakini haina neno hata moja gumu, na haimwahidi mtu kitu ambacho mwili wake hauwezi kumpa.

Wasomaji wenye maoni juu ya istilahi hizi, hasa walio katika zahanati na shule, wanaombwa wayalete kwa mhariri, wakieleza neno walilolisikia likitumika, mahali lilipotumika, na maana waliyokusudia wasemaji wake.